KUTOJUA SHERIA SI KINGA: JE, SHERIA YENYEWE YAPATIKANA WAPI?

Ndugu msomaji, tumchukue mfanyakazi mmoja wa mfano. Ni baba wa watoto wanne, mkazi wa Manzese, ambaye kwa muda wa miaka 9 amekuwa akiendesha mashine katika kiwanda kimoja cha jijini Dar es Salaam. Ijumaa moja jioni, wenzake wakiwa wanabadilisha nguo za kazi, anaitwa ofisini na kukabidhiwa barua yenye aya tatu. Anaarifiwa kwamba kuanzia siku hiyo huduma yake haihitajiki tena. Anaikunja barua, anaitia mfukoni, anapanda daladala na kurudi nyumbani.

Wiki ya kwanza yapita kwa fadhaa na aibu; hata mkewe hajaambiwa. Wiki ya pili anarudi kiwandani kuomba aonane na meneja, naye anaambiwa aje Jumatatu. Jumatatu ikifika anaambiwa aje Alhamisi. Wiki ya tatu shemeji yake anamtuliza kwamba madai ya kazi yana muda wa miezi sita. Jirani mmoja, ambaye hujigamba kuwa anazijua mahakama, anasema la, ni mwaka mzima. Basi baba wa watu anatulia, anatafuta vibarua vya hapa na pale, huku akijiambia kwamba haki yake haiwezi kumkimbia. Siku ya 43 anapata nauli na kwenda katika ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Karani anaisoma barua, anaitazama tarehe yake, kisha anamwuliza swali moja tu: "Mzee, mbona umechelewa?"

Hakika amechelewa. Kwa mujibu wa kanuni zinazoongoza kazi za Tume hiyo huku Tanzania Bara, mfanyakazi anayelalamika kwamba ameachishwa kazi isivyo haki anatakiwa awasilishe lalamiko lake ndani ya siku 30. Siku hizo huhesabiwa tangu tarehe aliyoachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho wa kumwachisha ama kuuthibitisha uamuzi huo. Migogoro mingine, kama ile ya mishahara isiyolipwa, ina siku 60 tangu ulipozuka ubishi. Baba yetu amepitiwa na siku 13.

Mlango haujafungwa kabisa. Anaweza kuomba aongezewe muda. Lakini hapo atadaiwa sababu ya kuridhisha, na atatakiwa aeleze kila siku aliyochelewa ilitumika kwa jambo gani. Je, atasema kwamba hakuijua sheria? Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekwisha kutamka, tena si mara moja, kwamba kutojua sheria hakukubaliki kuwa sababu ya kuongezewa muda. Wahenga walisema: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Hapa ndipo lilipo swali letu la leo. Ikiwa mwananchi hasamehewi kwa kutoijua sheria, je, ameonyeshwa mahali inapokaa? Ni rahisi mno kumlaumu mtu kwa kutosoma kitabu ambacho hajapata kuambiwa kiko katika kabati gani. Makala haya yanakusudia kukuonyesha kabati hilo, ndugu msomaji, na jinsi ya kulifungua. Sheria za nchi hii ziko wazi kwa mwananchi kama zilivyo wazi kwa wakili. Kinachohitajika ni kujua zinakaa wapi, na kwenda kuzitafuta kabla siku hazijakwisha.

NYUMBA TATU ZA SHERIA

Watu wengi hudhani kwamba sheria ni kitabu kimoja kikubwa, na kwamba aliyekifungua akakisoma ameimaliza kazi. La hasha. Sheria huishi katika nyumba tatu, na mara nyingi jibu unalolitafuta limo katika nyumba ambayo hukuipigia hodi.

Nyumba ya kwanza ni ya sheria zinazotungwa na Bunge. Kila sheria hupewa jina, namba na mwaka wake. Kwa mfano, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ni Sheria Namba 6 ya mwaka 2004. Baadaye, sheria zinapokusanywa pamoja katika toleo moja, kila moja hupewa sura yake. Hiyo ya ajira ni Sura ya 366. Ukiyashika mambo hayo, yaani jina, namba, mwaka na sura, umeushika ufunguo, kwani karani wa maktaba yoyote ya sheria ataweza kukufikisha pale unapotaka.

Lakini lau yule baba yetu angelijipa taabu ya kuisoma sheria hiyo ya mwaka 2004 tangu mwanzo hadi mwisho, bado asingelikuta humo zile siku 30. Sheria ilieleza kwamba mgogoro upelekwe kwenye Tume kwa fomu maalumu, ikaishia hapo. Hesabu ya siku imo katika nyumba ya pili, nyumba ya kanuni.

Kanuni ni maagizo yanayotungwa na waziri au chombo kingine kilichopewa madaraka hayo na sheria. Hizo huchapishwa katika Gazeti la Serikali kwa jina la Tangazo la Serikali, na kila tangazo lina namba na mwaka wake. Kanuni za usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi ni Tangazo la Serikali Namba 64 la mwaka 2007. Ndani ya kurasa hizo chache ndimo zilimofungwa siku 30 za mfanyakazi. Tangu mwaka 2007 hazikufichwa, ila asiyejua kwamba sheria ina mtoto aitwaye kanuni hataweza kuzikuta. Basi kila usomapo sheria, jiulize: je, ina kanuni zake? Mambo ya muda, fomu, ada na utaratibu aghalabu hukaa huko.

Nyumba ya tatu ni ya hukumu. Bunge hutunga maneno, nayo mahakama huyafafanua maneno hayo pale watu wawili wanapoyagombania. Ufafanuzi wa Mahakama ya Rufani huzifunga mahakama zote zilizo chini yake, na kwa hiyo huwa sehemu ya sheria kama vile ulivyochapwa pamoja nayo.

Mfano mzuri unahusu nyumba zetu wenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu chake cha 114 kama kilivyotungwa, iliipa mahakama uwezo wa kugawanya mali iliyochumwa na mume na mke kwa juhudi zao za pamoja. Ilisema kwamba uangaliwe mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi. Swali likazuka: je, "kazi" ni ile ya mshahara tu? Mama aliyepika, aliyefua, aliyelea watoto na kuitunza nyumba, huku mumewe akitafuta fedha nje, yeye hakufanya kazi? Baadhi ya mahakimu na majaji walisema hakuchangia kitu, wengine wakasema alichangia. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ililimaliza shauri hilo kwa kutamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kupata mali ya familia.

Ni akina mama wangapi wameondoka katika nyumba walizozijenga kwa jasho lao, wakiwa na sanduku moja la nguo, kwa kuambiwa na wakwe au na mabalozi kwamba "wewe hukuwa na kazi"? Aliyesoma kifungu peke yake angeweza kubishiwa. Aliyeijua hukumu asingelibishiwa kwa urahisi. Tena yafaa hukumu isomwe yote. Katika shauri lile la mwaka 1983, mama mwenyewe aliyekata rufani hakuambulia mgawo wowote, kwa sababu zilizohusu fedha alizokuwa amekabidhiwa na mumewe na jinsi alivyozitumia. Kwa hiyo msomaji asikimbilie mstari mmoja mtamu akaacha mengine. Hukumu ina mwanzo, kati na mwisho, na mara nyingine faraja iko mwanzoni na onyo liko mwishoni.

TAZAMA TAREHE KWANZA

Sheria huzaliwa, hurekebishwa na hata hufutwa. Kwa kawaida huanza kutumika siku ile inapotangazwa katika Gazeti la Serikali, isipokuwa kama yenyewe imetaja au imeagiza siku nyingine. Kisha kila mwaka Bunge hufanya marekebisho, mengine yakiwa ya maneno mawili matatu tu, lakini yenye uzito wa kumfukarisha mtu au kumkomboa.

Ndiyo sababu nchi yetu hufanya kazi iitwayo urekebu wa sheria, yaani kuzikusanya sheria zote pamoja na marekebisho yake na kuzichapa upya zikiwa zimesafishwa. Toleo la mwaka 2002 lilitumika kwa muda mrefu, na baadhi ya sheria zilichapwa upya katika toleo la mwaka 2019. Kisha likaja Toleo la Urekebu la mwaka 2023, ambalo lilizinduliwa Aprili 2025 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2025. Ukiletewa nakala ya sheria, iwe ya karatasi au ya simu, kwanza tazama ukurasa wa mbele: ni toleo la mwaka gani? Yafaa pia ujue kwamba namba za vifungu zaweza kubadilika kutoka toleo moja hadi jingine, hata mtu aliyezoea kukitaja kifungu fulani kwa miaka mingi akajikuta anataja jambo jingine kabisa.

Hata nakala mpya haitoshi, kwani hukumu nayo yaweza kukigusa kifungu kilichochapwa. Turudi tena kwenye Sheria ya Ndoa. Kifungu cha 13 cha sheria hiyo ya mwaka 1971 kilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, hali mvulana alitakiwa awe na miaka 18. Na kifungu cha 17 kilihusu idhini ya wazazi kwa binti aliye chini ya miaka 18. Ndugu Rebeca Gyumi, mtetezi wa haki za wasichana, alivipeleka vifungu hivyo mbele ya Mahakama Kuu. Mwaka 2016 mahakama hiyo ilitamka kwamba vinapingana na Katiba. Serikali ilikata rufani, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na Mahakama Kuu. Mzazi aliyeishika nakala yake ya zamani na kusema "sheria yaniruhusu" alikuwa ameshika karatasi isiyojua yaliyotokea baada yake.

MAHALI PA KUZIPATA

Zamani, jambo hili lilikuwa la watu wachache. Hukumu za mahakama zilichapwa katika vitabu vizito ambavyo bei yake ilimshinda hata wakili kijana, licha ya mfanyakazi. Mwanasheria anayezitafuta hukumu za kale bado anavihitaji vitabu hivyo. Iko mikusanyo ya iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Ziko ripoti za Afrika Mashariki zilizoanza mwaka 1957. Uko muhtasari wa hukumu za Mahakama Kuu wa kuanzia mwaka 1967 hadi 1972. Na ziko ripoti za Tanzania zenyewe zilizofuata. Mahakama ile ya pamoja ilikoma mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na mwaka 1979 Tanzania ikaanzisha Mahakama yake ya Rufani. Vitabu hivyo hupatikana katika maktaba za mahakama na za vyuo vikuu vinavyofundisha sheria.

Lakini siku hizi mengi ya hayo yameingia katika intaneti. Mahali pa kwanza pa kwenda ni TanzLII, hazina ya sheria na hukumu inayoendeshwa na Mahakama ya Tanzania. Humo mna hukumu za Mahakama ya Rufani na za Mahakama Kuu pamoja na divisheni zake, mna sheria za Bunge, na mna Magazeti ya Serikali. Kuisoma hakudaiwi ada wala jina la siri. Mwenye simu yenye intaneti aweza kuifungua akiwa kituo cha basi. Wazo hili la kuwapa watu sheria bure halikuanzia kwetu, kwani mwaka 2002 vyombo vya namna hii vya nchi mbalimbali vilikutana Montreal, Kanada, vikatoa tamko kwamba habari za sheria ni urithi wa watu wote. Jirani zetu nao wanazo hazina zao: Kenya wana Kenya Law, na Uganda wana ULII. Mwanasheria wetu huzihitaji hizo pia, kwa sababu hukumu za majirani, ingawa hazizifungi mahakama zetu, huweza kuzishawishi.

Ukikutana na hukumu katika hazina hiyo, utaona alama fupi fupi zinazoweza kukutisha. Usitishike. Mwaka umewekwa katika mabano. Herufi TZCA maana yake ni Mahakama ya Rufani ya Tanzania. TZHC ni Mahakama Kuu. Na TZHCLD ni Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu, ambayo husikiliza mambo yanayotoka kwenye ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Namba inayofuata ni ya hukumu yenyewe. Hivyo ukiambiwa na mtu kwamba "mahakama ilisema hivi", mwombe akupe mwaka, herufi na namba. Akishindwa, yachukue maneno yake kama uvumi mpaka utakapoyaona kwa macho yako.

Wale wanaotaka kujua sheria kabla haijazaliwa wafuatilie miswada. Miswada huchapishwa kabla ya kujadiliwa, na huwekwa katika tovuti ya Bunge. Nazo Kamati za Bunge huwaalika wananchi na vyama vyao kutoa maoni. Ni jambo la kusikitisha kwamba wengi wetu huanza kuilalamikia sheria siku inapotubana, ilhali siku ya kuitolea maoni tulikuwa kimya. Aidha, mwanzoni mwa kila mwaka huwako Wiki ya Sheria, ambapo mahakimu, majaji na mawakili hutoka ofisini na kuwaeleza wananchi haki zao katika viwanja vya wazi. Mtu mwenye swali lake aweza kwenda nalo huko bila kupanga miadi na yeyote.

Wasomaji wetu wa Visiwani wakumbuke kwamba Zanzibar ina Baraza lake la Wawakilishi na sheria zake kwa mambo yasiyo ya Muungano, na ajira ni mojawapo. Sheria ya Ajira ya Zanzibar ni Namba 11 ya mwaka 2005. Kwa hiyo yale ya siku 30 tuliyoyaeleza ni ya Bara, na ndugu wa Unguja na Pemba waitazame sheria yao wenyewe.

LUGHA ILIYOKUWA UKUTA

Huenda msomaji ananiuliza: yote haya ni mema, lakini nitasoma kwa lugha gani? Ni swali la haki. Mahakama za Mwanzo zimeendesha mashauri kwa Kiswahili kwa miaka mingi, lakini sheria zenyewe na hukumu za juu ziliandikwa kwa Kiingereza. Mtu alishinda au alishindwa kesi yake katika lugha ya kigeni, akahitaji kumwuliza mtu mwingine kama yafaa acheke au alie.

Mwaka 2021 jambo hilo lilipata msukumo mkubwa. Tarehe 1 Februari mwaka huo, katika Siku ya Sheria mjini Dodoma, Rais John Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu ya Musoma kuwa Jaji wa Rufani, akimsifu kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili. Mwezi huo huo Bunge likapitisha marekebisho, katika Sheria Namba 1 ya mwaka 2021, yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na lugha ya mahakama, huku Kiingereza kikiachiwa nafasi pale ambapo haki itakihitaji. Kazi ya kuzitafsiri sheria zilizorundikana kwa miongo mingi haiwezi kuwa ya siku moja. Kwa hiyo utakuta sheria nyingine katika Kiswahili, na hukumu nyingi za zamani zingali katika Kiingereza. Hapo mtafute kijana wako anayesoma sekondari mkae pamoja mezani. Yeye atafasiri maneno, nawe utamfafanulia maisha. Wote wawili mtainuka mmefaidika.

WA KUMWULIZA

Kuisoma sheria hakumfanyi mtu kuwa wakili, kama vile kuijua njia ya hospitali kusivyomfanya mtu kuwa daktari. Makala haya nayo hayachukui nafasi ya ushauri wa mwanasheria. Lakini yupo wa kumwuliza hata kwa asiye na fedha.

Nchi hii ina historia ya jambo hilo. Chuo Kikuu chetu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria. Miaka sita baadaye, mwaka 1967, walimu wa kitivo hicho walianzisha kamati ya kuwasaidia wananchi wasioweza kulipia wakili. Baadaye vikaja vyama vingine, miongoni mwao Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, yaani TAWLA, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Mwaka 2017 ikatungwa Sheria ya Msaada wa Kisheria, Namba 1 ya mwaka huo, ambayo iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, yaani wananchi waliofunzwa misingi ya sheria ili wawaelekeze wenzao huko huko mitaani na vijijini. Ofisi ya kata au ya ustawi wa jamii yaweza kukuelekeza alipo aliye karibu nawe. Na mfanyakazi mwenye chama chake cha wafanyakazi asisahau kwamba kiongozi wa chama hicho anaruhusiwa kumwakilisha mbele ya Tume. Ada anayokatwa kila mwezi ina kazi yake.

Jihadhari, hata hivyo, na vishoka. Hao ni watu wanaokaa nje ya milango ya mahakama na mikoba chini ya kwapa, wakiahidi ushindi kabla hata hawajaisoma barua yako. Wakili wa kweli ameandikishwa na ana cheti cha kumruhusu kufanya kazi kwa mwaka husika, na orodha ya mawakili imewekwa na Mahakama mahali ambapo kila mtu aweza kuiangalia. Kumwomba mtu akuonyeshe cheti chake si utovu wa adabu. Ni fedha zako, na ni haki yako iliyo mashakani.

UKIPATWA NA JAMBO, FANYA HAYA

Kwanza, andika tarehe. Siku uliyopewa barua, siku uliyofukuzwa, siku uliyonyimwa mshahara: iandike mara moja, kwa sababu saa ya sheria imeanza kugonga tangu hapo, wala haikungoji umalize huzuni yako.

Pili, hifadhi karatasi. Mkataba, hati za mshahara, barua ya onyo, hata ujumbe wa simu, vyote viwekwe pamoja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki nayo ni vivyo hivyo.

Tatu, tafuta jina la sheria inayohusika, kisha kanuni zake, kisha hukumu. Uliza kila mara: ni toleo la lini, na je, limebadilishwa?

Nne, mweleze mwenzio wa nyumbani. Aibu ya kufukuzwa kazi imewala watu wengi siku zao za thamani. Mke au mume aliyeambiwa mapema angeweza kumkumbuka binamu aliye msaidizi wa kisheria, au rafiki wa kanisani au msikitini aliyepitia mkasa kama huo.

Tano, nenda kwenye ofisi yenyewe, hata kama hujakamilisha kila kitu. Kwa shauri la kuachishwa kazi, jaza fomu ya Tume, mpe mwajiri nakala yake, na ubaki na uthibitisho kwamba ameipokea. Kisha uiwasilishe fomu yako. Usingoje Jumatatu ya meneja. Mazungumzo yenu yaweza kuendelea baada ya hapo, tena mbele ya msuluhishi, kwani Tume huanza kwa kuwapatanisha kabla ya kuamua.

Sasa tumrudie baba yetu wa Manzese. Lau Jumatatu ile ya kwanza, badala ya kukaa kwenye benchi la mapokezi kiwandani, angelimwonyesha mkewe ile barua. Lau mkewe angelimwita binti yao wa kidato cha tatu mwenye simu. Na binti huyo akaiandika katika kioo cha simu ile namba 64 ya mwaka 2007, basi usiku huo huo wangeliijua hesabu ya siku, na asubuhi angelikuwa bado na siku mkononi. Huenda angelishinda, huenda angelishindwa. Hilo ni la wasuluhishi na waamuzi kulipima. Lakini angelisikilizwa. Naye karani asingelikuwa na haja ya kumwuliza swali lile.

Basi, ndugu msomaji, usiingoje siku ya barua. Jioni ya leo, watoto wakiwa mezani, itafuteni pamoja sheria moja inayoyagusa maisha yenu: ya kazi, ya ndoa, ya ardhi au ya nyumba ya kupanga. Isomeni ukurasa mmoja, mwulizane mmeelewa nini, kisha muiandike namba yake nyuma ya daftari la matumizi ya nyumbani.